Je, niache kazi niwe mwanatriathloni wa kulipwa?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi kuhusu triathloni, mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo:

"Kocha, shikamoo. Mimi ni kijana wa kiume wa miaka 27. Nimeshamaliza mashindano mawili ya triathloni ya masafa marefu. Ya pili nilitumia saa 8 na dakika 58, nikawa wa kwanza kwa wachezaji wa ridhaa. Kuogelea peke yake nilitumia saa 1 na dakika 4. Nafanya kazi ya ofisini siku tano za wiki, na mazoezi nayapata saa 15 hivi, alfajiri na usiku. Watu wananiambia nichukue leseni ya kulipwa. Nina akiba ya kunitunza mwaka mmoja. Nikiacha kazi nikafanya mazoezi saa 30 kwa wiki, nitafika wapi? Na hao wanaolipwa wanaishije hasa, na wanadumu miaka mingapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiisoma macho yananigota kwenye zile saa 30. Hesabu ya mazoezi umeipiga vizuri. Hesabu ya usingizi sijaiona popote, na kazi hii yote imejengwa juu yake.

Nianze na jibu lenyewe, usije ukalisubiri hadi mwisho. Leseni ichukue ukiipata. Kazi usiiache mwaka huu. Omba upunguziwe siku ziwe tatu, au nne ikishindikana. Sababu zangu ni hizi, na zinaanzia kitandani.

Nilikuwa mchezaji wa kulipwa kwa miaka tisa, na sasa ni mwaka wa kumi na mbili nafundisha. Vijana wengi wanaokuja kwangu wanaamini kwamba anayelipwa anamzidi wa ridhaa kwa wingi wa mazoezi. Anamzidi kidogo tu. Wanaolipwa wengi hufanya saa 20 hadi 30 kwa wiki, na wapo wa ridhaa wenye kazi na watoto wanaofikisha 18. Pengo lenyewe liko kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Wewe ukitoka bwawani unavaa shati, unakwenda kukaa kwenye kiti kwa muda wa saa nane, unajibu simu, unasimama kwenye foleni. Yule anayelipwa akitoka bwawani anakula, anajilaza, anainuka mwili ukiwa tayari kupokea zoezi la pili. Mwili haujengeki ukiwa majini. Pale unabomoka. Unajengeka ukiwa umelala. Kwa hiyo barua ya kuacha kazi inakununulia mapumziko, na mapumziko yana bei inayolipwa kila mwezi. Mtu mwenye akiba ya mwaka mmoja, ikifika mwezi wa saba halali tena. Anahesabu boriti za dari hadi alfajiri. Ameacha kazi, na mapumziko hajayapata.

Nikuonyeshe Jumatano moja ya miaka yangu mizuri. Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi nimeamka, na kabla sijainuka nimeshapima mapigo ya moyo. Saa kumi na mbili na nusu niko majini, mita 4,500, nusu yake kwa kasi ya mashindano. Saa tatu nimeshakula, nimelala chali, miguu juu ya mto, dakika 40 bila simu. Saa tano niko juu ya baiskeli kwa saa nne za mwendo wa taratibu, ule ambao ungeniuliza jambo ningekujibu sentensi nzima bila kuhema. Saa tisa na nusu nakula tena. Saa kumi na moja nakimbia dakika 40, polepole vilevile. Saa tatu usiku taa imezimwa. Alhamisi inafanana na hiyo, na Ijumaa inafanana na Alhamisi. Harusi za ndugu nilizikosa, misiba mingine niliisikia kwa simu. Kama ratiba hiyo ukiisoma unaona utulivu, una dalili nzuri. Ukiona kifungo, ni afadhali ujue mapema.

Huo mwendo wa taratibu ndio wenye kipaji wengi wanaukosea, kwa sababu unauma moyo. Unapitwa barabarani na watu unaowazidi mbali. Mtazame Mark Allen wa Marekani. Alikwenda Kona, Hawaii, kwenye ubingwa wa dunia wa Ironman, yaani triathloni ya masafa marefu, kwa mara ya kwanza mwaka 1982. Alishindwa huko mara sita, mara mbili akiwa wa pili. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba mazoezi yake mengi atayafanya mapigo ya moyo yakiwa chini, hata kama ingemlazimu kukimbia kama mgonjwa. Mwaka 1989 yeye na mpinzani wake Dave Scott walikwenda bega kwa bega karibu siku nzima, hadi kilima kimoja kuelekea mwisho wa marathoni ambapo Allen aliachia miguu. Alimaliza kwa saa 8 na dakika 9 na ushei, akimtangulia Scott kwa karibu dakika moja. Baada ya hapo aliushinda ubingwa huo mara nyingine tano, wa mwisho mwaka 1995 akiwa na miaka 37. Ile dakika moja ilimgharimu miaka saba.

Sasa tuje kwenye muda wako. Saa 8:58 ni muda wa heshima kabisa. Mshindi wa mashindano ya kwanza kabisa ya Ironman mwaka 1978, Gordon Haller, alitumia saa 11:46:58, na waliomaliza walikuwa 12 kati ya 15. Lakini umbali haujabadilika, kilomita 3.8 majini, 180 kwa baiskeli na 42.2 kwa miguu, na Gustav Iden wa Norway mwaka 2022 alishinda Kona kwa saa 7:40:24. Mwaka uliofuata Lucy Charles-Barclay wa Uingereza aliushinda ubingwa wa wanawake palepale kwa saa 8:24:31, baada ya kuwa wa pili mara nne. Kwa mwanamume, mashindano mengi yenye zawadi yanakutaka ukaribie saa nane na ushei. Una dakika kama 45 za kuzitafuta.

Na hapa ndipo palinipa wasiwasi katika barua yako: saa 1 na dakika 4 majini. Ukigawa, ni dakika 1 na sekunde 41 kwa kila mita 100. Kundi la mbele la wanaume wanaolipwa linatoka majini kwa dakika 48 au 49, yaani karibu dakika 1 na sekunde 17 kwa mita 100. Utaniambia dakika 15 si kitu katika saa nane, utazirudisha kwenye baiskeli. Ungezirudisha kama ungekuwa unakimbizana na saa tu. Katika mashindano ya kulipwa unakimbizana na kundi. Kanuni inakataza kujikinga upepo nyuma ya mwenzako. Kwa miaka mingi Ironman ilitaka mita 12 kati ya baiskeli na baiskeli, na mashindano ya T100, yale ya kilomita 100, yanataka 20. Hata kwa mita hizo 12, msafara wa watu wanane unamsaidia aliye ndani yake. Wa nyuma anatumia wati chache kwa kasi ileile, na anaona wa mbele anavyokata kona. Wewe utakuwa peke yako kilomita 180, upepo wote wako, huku pengo likikua badala ya kupungua. Kisha unashuka kukimbia miguu ikiwa imekwisha.

Zaidi ya hayo, kwenye ridhaa ulivaa suti ya mpira inayokubeba juu ya maji. Ukiwa na leseni ya kulipwa suti hiyo inakatazwa maji yakizidi nyuzi 21.9, ilhali wa ridhaa wanaruhusiwa hadi nyuzi 24.5. Kona maji ni ya moto, hakuna anayeivaa. Nimefundisha watu wazima kuogelea kwa miaka mingi na nakuambia bila kukuficha: kati ya michezo mitatu, huu ndio unaochelewa kuliko yote kumkubali mtu mzima, maana ni ufundi kwanza na mapafu baadaye. Mkono ukiingia majini kiwiko kikaanguka, unasukuma maji kuelekea chini, na hakuna nguvu ya mguu itakayofidia. Miezi 18 ya kuogelea mara tano au sita kwa wiki, mbele ya macho ya mwalimu, ndiyo matumizi bora ya fedha uliyonayo. Ni bora kuliko baiskeli mpya, na najua unaifikiria baiskeli mpya.

Hao wanaolipwa wanapata wapi riziki? Hawali kwa zawadi, wengi wao. Kona kwenyewe hakukuwa na zawadi ya fedha hadi mwaka 1986. Siku hizi fungu la ubingwa wa dunia wa Ironman limekuwa dola 750,000 kwa wanaume na wanawake pamoja. Wa kwanza anapata 125,000, na malipo yanashuka hadi wa kumi na tano. Tangu mwaka 2024 kuna pia msururu wa Ironman Pro Series unaojumlisha pointi za msimu mzima, na bingwa wake anapata 200,000. T100 nao wamekuwa na mikataba yao kwa wachezaji wachache waliochaguliwa. Ukizisoma takwimu hizo unaweza kudhani kuna utajiri. Shida ni kwamba majina ni yaleyale kwenye orodha zote tatu, na ukishuka kidogo chini yao unakuta watu wenye vipaji vikubwa wanaofundisha wengine usiku ili kulipa kodi ya nyumba.

Mashindano yangu ya kwanza ya kulipwa nilikuwa wa kumi na moja. Zawadi ziliishia kwa wa kumi, aliyenitangulia kwa sekunde 50. Usiku ule nilikaa sakafuni kwenye chumba cha hoteli nikifungua pedali ili niipange baiskeli kwenye sanduku lake. Vidole vilikuwa vyeusi kwa grisi ya mnyororo, na mapaja hayakubali kukunjwa, nikawa natandaza mguu mmoja pembeni kama mzee. Juu ya kitanda kulikuwa na risiti: ndege, mzigo wa baiskeli, hoteli usiku nne, ada. Nilizijumlisha mara mbili. Nilikumbuka kituo kimoja cha maji kwenye kilomita ya 31 ambapo nilisimama kabisa kunywa, kwa sababu nilikuwa nimejionea huruma. Zile sekunde 50 nilijua ziliko.

Wanaoishi kwa kazi hii wanaishi kwa wadhamini. Wapo wa aina mbili, na wageni huwachanganya. Wa kwanza anakupa vitu: viatu, kofia, magurudumu, jeli za kula njiani. Wa pili anakupa mshahara. Vitu vinapunguza matumizi lakini mwenye nyumba hapokei magurudumu. Mkataba ukija, soma kipengele cha kuumia kabla hujasoma kiasi, kwa sababu mingi inaruhusu malipo kukatwa ukikosa mashindano kadhaa. Kwa wanawake, uliza vivyo hivyo kuhusu ujauzito. Chelsea Sodaro alishinda Kona 2022 mwaka mmoja na nusu tu baada ya kujifungua, na hakuna sababu mtu mwenye mwili kama ule akose mshahara kwa kuzaa. Uliza pia fedha zinaingia lini. Zawadi hukatwa kodi kulekule zilikotolewa, na mara nyingi zinasubiri majibu ya vipimo vya dawa zilizopigwa marufuku. Mdhamini wangu mmoja alinilipa robo ya kwanza kwa wakati, ya pili kwa kuchelewa, ya tatu hakunilipa. Nilikuwa nimeshalipia kambi ya mazoezi kwa fedha ambayo haikuja. Wiki tatu nilikuwa nafanya mazoezi yote kama yalivyoandikwa na muda ukawa unazidi kuwa mbaya, na kocha wangu alipoona daftari la usingizi hakuuliza kitu kingine.

Kuna na jambo la vipimo hivyo vya dawa. Ukipanda kiwango ukaingizwa kwenye orodha ya wanaopimwa, unatakiwa kutangaza kila siku saa moja ambayo utapatikana mahali fulani, mwaka mzima, hata ukiwa likizo. Ukikosekana au ukikosea taarifa mara tatu ndani ya miezi 12 ni kosa sawa na la dawa. Binafsi naiunga mkono kanuni hiyo kwa moyo wote. Ila ni mzigo, na ujue unakuja.

Kuhusu mwili nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipopoteza karibu mwaka wa kazi yangu. Mwili unaweka akiba ya wanga gramu 500 hivi, kwenye misuli na ini. Kwa kasi ya mashindano hiyo inaisha kabla hujafika nusu ya safari, kwa hiyo unakula ukiwa unatembea. Zamani tuliambiwa gramu 60 kwa saa. Sasa wengi wanakula 90, na wapo wanaofika 120. Hiyo si habari ya hamu. Kilomita ya 130 ya baiskeli, jua kali, umeshika pakiti ya jeli kwa meno, chumvi imekauka nyeupe kwenye mikono ya nguo, na tumbo linakuambia hapana. Unameza hivyohivyo. Tumbo linafundishika kama mguu, na unalifundisha kwa majuma mengi kabla, katika yale mazoezi marefu ya Jumamosi, kwa kinywaji kilekile utakachokitumia siku yenyewe.

Na nje ya mashindano ni hivyohivyo: ule. Mwaka wangu wa nne niliamua kupunguza kilo nne. Majuma sita ya kwanza nilipaa. Kilima nilichokipanda kila wiki nilikivunjia rekodi yangu mara mbili. Kisha nikaanza kusikia baridi ambapo wenzangu hawasikii. Nikawa naamka saa nane usiku macho makavu. Hamu ya mke ikapotea, hamu ya mashindano ikafuata. Nikaiita nidhamu. Siku moja nikishuka ngazi nikasikia kitu ndani ya nyonga, maumivu mafupi, kama mtu amegonga mlango mara moja. Picha ilionyesha ufa kwenye shingo ya mfupa wa paja. Miezi minane. Hali hiyo ya mwili kunyimwa nishati hadi uanze kuzima mambo yake, uzazi, mifupa, kinga, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa jina rasmi mwaka 2014, ikasema wazi kwamba inawapata wanaume pia. Mimi niliipata kabla ya jina. Usingizi ulikuwa umenionya miezi miwili mapema, nami sikuusikiliza.

Umeuliza kudumu. Habari njema ni kwamba mchezo huu unaiva kwa kuchelewa. Craig Alexander wa Australia alishinda Kona 2011 akiwa na miaka 38. Jan Frodeno wa Ujerumani alipata dhahabu ya Olimpiki Beijing mwaka 2008 kwa masafa mafupi, akahamia marefu, akashinda Kona 2015, 2016 na 2019, ile ya mwisho naye akiwa na miaka 38, akastaafu 2023. Katikati yake kuna mwaka 2017, ambapo mgongo ulimshika akatembea sehemu kubwa ya marathoni na bado akamaliza. Chrissie Wellington wa Uingereza alianza kulipwa akiwa na miaka 30 na akawa bingwa wa dunia mwaka huohuo wa 2007. Lakini usijipimie kwake, maana hakuwahi kushindwa hata mara moja kwa umbali huu, na watu wa namna hiyo hawaji mara mbili katika kizazi kimoja. Wewe katika miaka 27 hujachelewa. Una nafasi ya kutumia miaka miwili kwa utaratibu.

Ila kuna kinachoweza kukatiza kabla ya umri, nacho ni barabara. Tim Don wa Uingereza mwaka 2017 alikuwa ameweka muda wa kasi kuliko wote wa mashindano ya Ironman, saa 7:40:23 huko Brazil. Siku chache kabla ya Kona, akiwa mazoezini huko huko Hawaii, aligongwa na gari akavunjika mfupa wa shingo. Alifungwa fremu ya chuma iliyokazwa kwa skrubu kwenye fuvu kwa miezi mitatu, na Aprili 2018 akakimbia marathoni ya Boston kwa saa 2:49:42. Watu hutaja habari hiyo kusifia moyo wake, na wana haki. Mimi nikiwa na mwanafunzi mpya humtajia kwa swali jingine: miezi kama hiyo, wewe nani atakulipa? Bima ya matibabu pekee haitoshi. Tafuta inayofidia kipato. Kazi yako ya ofisini ya siku tatu, kwa sasa, ndiyo bima hiyo.

Basi fanya hivi. Waulize shirikisho la nchi yako masharti ya leseni, maana kila nchi ina yake, na nafasi yako ya kwanza kwa ridhaa huenda ikatosha. Ongea na mwajiri. Siku mbili unazozipata usizijaze mazoezi: panda kutoka saa 15 hadi 20 tu mwaka wa kwanza, nyingi za nyongeza hiyo ziwe majini, na mchana mmoja kati ya hizo siku mbili ulale. Shiriki mashindano ya nusu umbali matatu au manne na marefu mawili, yasizidi. Akiba yako usiiguse hadi iwe ya miaka miwili, ukihesabu safari ndani yake. Ukifika chini ya dakika 54 majini bila suti ya mpira, na ukamaliza mara moja chini ya saa 8:25, tuzungumze tena habari ya barua ya kuacha kazi, na siku hiyo huenda nikakusaidia kuiandika.

Kesho asubuhi nenda bwawani, ogelea mita 400 kwa nguvu zako zote, uandike muda. Pembeni yake andika umelala saa ngapi usiku wa kuamkia hapo. Fanya hivyo kila Jumatatu kwa miezi mitatu, kisha niletee hilo daftari.